Timu Tatu Zinamtaka Binamu Yangu. Achague Aje?

Wiki hii sina muziki na sina kichekesho. Nyumbani Mraru kuna kesi, na mimi nimeitwa kama mtaalamu kwa sababu moja tu: ati "wewe ndiye unajua mambo ya simu."

Kesi iko hivi. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ana miaka 17 na ni straika. Sio wa kusifiwa na mamake peke yake. Mechi za shule mwaka huu amefunga mpaka watu wa Voi wakaanza kupanda huku kuja kumtazama kwenye kile kiwanja chetu cha vumbi, kile ambacho kona moja ni njia ya mbuzi na refa hulazimika kusimamisha mchezo wapite. Jina lake silitaji. Ashaniambia nikimtaja hatanisalimia mpaka Krismasi.

Sasa anatafutwa na pande tatu. Kuna klabu moja ya Nairobi, si ya ligi kuu lakini jina lake watu wanalijua, inampa kitanda hosteli na marupurupu ya kila mwezi. Kuna timu ndogo ya hapa Pwani, haina pesa kabisa, ila kocha wake amepiga simu mara nne na amekuja kumwona akicheza mara mbili, na nauli ni yake. Halafu kuna jamaa anayejiita wakala. Huyu anatuma meseji usiku. Anasema kuna majaribio Qatar, nafasi ni chache, na familia itoe shilingi 80,000 za "kushughulikia karatasi".

Jumapili jioni tukaketi wote. Mjomba alipomaliza kueleza akauliza swali moja tu: "Ni wapi wanalipa zaidi?"

Simlaumu. Msimu uliopita ndovu waliingia shambani kwake usiku mmoja, asubuhi hakukuwa na cha kuvuna. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza pesa kwanza. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, na usiku sikulala nikajiuliza lile la upande wa pili. Mchezaji ambaye dunia nzima inamtaka, ambaye mlango wowote akibisha unafunguliwa, yeye huuliza nini kwanza?

Jibu zuri kuliko yote nililipata kwenye mchezo ambao Mraru nzima hakuna aliyewahi kuucheza. Besiboli. Ndiyo, ule wa rungu na kofia. Ngoja, usiende bado.

Kuna Mjapani anaitwa Roki Sasaki. Kazi yake ni kurusha mpira. Anamrushia yule mwenye rungu kwa kasi na ujanja ili akose kuugonga, basi. Aprili 2022, akiwa na miaka 20, aliichezea timu yake ya Chiba Lotte Marines mechi ambayo hakuna mpinzani hata mmoja aliyefanikiwa kufika kituo cha kwanza. Mmoja baada ya mwingine walikuja, wakarudi kuketi. Mwisho wa 2024 timu yake ikamruhusu aende Marekani, na timu za huko zikaanza kupiga foleni.

Sasa sikia sehemu inayonifurahisha. Sheria za besiboli ya Marekani zinasema mchezaji kutoka nje kama yeye, akiwa chini ya miaka 25, hawezi kulipwa pesa zile kubwa. Kila timu ina kifuko kidogo cha kusajili vijana wa kimataifa, na kifuko kinakaribiana na cha jirani. Angesubiri miaka miwili tu, angeweza kusaini mamia ya mamilioni ya dola. Hakusubiri. Na kwa kuwa pesa karibu zinalingana kila mahali, swali la mjomba likawa halina kazi. Ikabidi aulize mengine.

Unajua alifanya nini? Aliwapa timu kazi ya nyumbani. Msimu wake wa mwisho Japani kasi ya mpira wake ilikuwa imeshuka. Akawauliza, kupitia wakala wake: nielezeni kwa nini ilishuka, na mna mpango gani isishuke tena. Timu 20 zilimpelekea maelezo yao. Yaani kijana wa miaka 23 ndiye anawafanyisha mabosi mtihani! Mwishowe zikabaki tatu, San Diego Padres, Toronto Blue Jays na Los Angeles Dodgers, na Januari 2025 akachagua Dodgers kwa bonasi ya dola milioni 6.5.

Sitakudanganya kwamba mambo yakawa mteremko. Mei hiyo hiyo bega likamsumbua, akakaa nje miezi. Aliporudi Septemba walimpa kazi tofauti, ya kuingia mwishoni kuifunga mechi badala ya kuianza. Ila Dodgers wakachukua ubingwa, na waliyemfunga kwenye fainali ya mechi saba ni Toronto, hao hao aliowaambia asante lakini hapana. Maswali yake hayakulilinda bega. Yalimpa mahali ambapo bega likiuma kuna watu wa kulishughulikia, na kazi nyingine ya kufanya akipona.

Kabla yake kulikuwa na Shohei Ohtani, Mjapani mwenzake, na huyu hata asiyejua besiboli pengine amemsikia. Mwaka 2017 naye alienda kabla ya kufika 25, akasaini Los Angeles Angels kwa dola milioni 2.3 hivi, huku timu zote zikiwa zimetumiwa orodha ya maswali. Alichotaka ni kuruhusiwa kurusha na kupiga pia, kitu ambacho wengi waliona ni ndoto za mtoto. Angels wakamruhusu. Akawa mchezaji bora wa ligi yake 2021 na tena 2023. Lakini miaka sita yote pale hakucheza hata mechi moja ya mchujo wa ubingwa, maana timu yenyewe ilikuwa dhaifu. Desemba 2023 akahamia Dodgers kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700. Pesa zilikuja. Zilikuja baada ya uwanja.

Niliyaeleza haya yote kwa mjomba kesho yake jioni. Alinisikiliza vizuri, akanywa chai, kisha akasema: "Mama, hao wanaanzia milioni sita za dola. Kijana wangu anaanzia viatu vya kuazima."

Na hapo, jameni, alinishika. Ni rahisi sana kwangu kuandika "usifuate pesa" nikiwa nimekaa na bando langu. Sasaki alikuwa na uwezo wa kuzipisha pesa kubwa kwa sababu zile ndogo alizopewa zinatosha kununua nusu ya Voi. Kwa mtu wa kwetu kusubiri ni gharama. Miaka miwili ya kusubiri ni karo ya wadogo wawili.

Lakini si kweli kwamba maswali ni ya matajiri. Nyanya zetu hapa hapa Mraru, miaka ya 1970, walikuwa wakitaka kushuka Voi sokoni na basi zinawapita zimejaa. Wakachanga shilingi kwa shilingi mpaka wakanunua basi lao wenyewe. Kikundi cha kina mama cha Mraru, hadi wazungu waliandika kijitabu juu yao. Hawakuanza kwa kuuliza basi gani linapendeza. Waliuliza tunataka kufika wapi, na ni nini kinatuzuia. Walikuwa na pesa? Hawakuwa nazo.

Kwa hiyo nikaachana na Wajapani, nikamleta mtu ambaye mjomba anamjua. Michael Olunga.

Wengi wetu tunamkumbuka Olunga wa Gor Mahia 2015. Mwaka uliofuata akaenda Djurgården ya Sweden, kisha China, kisha kwa mkopo Girona ya Uhispania. Januari 2018 akawafunga Las Palmas mabao matatu kwenye mechi moja, na Kenya nzima tukaweka picha yake kwenye simu. Lakini angalia vizuri, bado hakuwa mtu wa kuanza kila wiki. Alikuwa kwenye ligi ya kujivunia, akikaa benchi. Katikati ya mwaka huo akaenda Japani, Kashiwa Reysol, na mwisho wa msimu timu ikashuka daraja.

Hapa ndipo ningependa kila kijana anayecheza pale kiwanjani asimame kidogo. Straika wa kimataifa, amecheza La Liga, timu imeshuka. Kila mtu angemwambia aondoke. Alibaki. Mwaka 2019 alicheza daraja la pili la Japani, mahali ambapo hakuna mtu Kenya alikuwa akimwangalia kwa televisheni, akafunga mabao 27. Manane kati ya hayo aliyafunga kwenye mechi moja ya siku ya mwisho, walipowachapa Kyoto 13 kwa 1. Kashiwa wakarudi juu. Mwaka 2020 akafunga 28 kwenye ligi kuu, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Januari 2021, akiwa na miaka 26, akaenda Al-Duhail ya Qatar.

Na tukamtukana. Nakumbuka vizuri, hata mimi nilikuwemo. "Anaenda kustaafu." "Amefuata mafuta." Tulitaka aende Uingereza. Kwa nini? Ili Jumamosi tukiwa kwenye kibanda cha kutazamia mpira tuwe na mtu wetu kwenye skrini, tupige kelele. Hiyo ilikuwa raha yetu, na mguu ni wake. Straika ana miaka kumi hivi ya kuuza, akibahatika. Yeye alishaiweka ile ya katikati kwenye uwanja, akajijengea bei, kisha akaiuza ilipokuwa juu kabisa. Na huko hakulala: mwaka huo huo wa 2021 aliongoza kwa mabao kwenye Ligi ya Mabingwa ya Asia, mabao 9. Tuliomsema tulikosea. Wengine wetu bado hatujasema samahani, wacha mimi niseme.

Sasa mjomba akawa amekaa sawa. Binamu naye, ambaye muda wote alikuwa anajifanya anachaji simu, akasogeza kiti.

Kuna kitu kingine lazima tuseme ukweli, maana tukizungumzia kuchagua tunaongea kana kwamba kila mlango ni mchezaji anaufunga au kuufungua. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa Parma na Manchester City walikuwa tayari kumchukua. Akakataliwa kibali cha kazi. Uingereza wakati huo walitaka nchi yako iwe kati ya 70 bora kwenye orodha ya FIFA, na Kenya hatukuwa huko. Yeye miguu ilikuwa sawa, ni sisi tulikuwa chini. Akaishia Inter Milan, ambao msimu ule walichukua mataji matatu makubwa, kwa hiyo usimlilie sana. Lakini aliyechagua pale nani? Afisa na karatasi yake.

Waganda wanayajua haya hata kwenye besiboli. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakanyimwa viza. Ikabidi wasubiri hadi 2012 ndipo timu ya Lugazi ikaenda. Leo kuna Waganda waliosajiliwa na timu kubwa. Ben Serunkuma na Umar Male walichukuliwa na Dodgers mwaka 2022. Dodgers hao hao wa Sasaki! Ila hao hawakuwapa mtu kazi ya nyumbani. Ukiwa unatoka mahali ambapo timu moja tu imekuja kukuangalia, unasaini, unashukuru, unapanda ndege.

Mwingine ni Dennis Kasumba. Kama uko kwa mtandao lazima umemwona: yule kijana wa Uganda anayefanya mazoezi na matairi na matofali, amevaa vifaa vya mdaka mpira. Aliposti video mpaka dunia ikamjua, na 2023 akapata nafasi ya kwenda kucheza Marekani kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Nampenda kwa sababu za kikazi, naye ni mtu wa kontenti. Hakuwa na timu za kuchagua, kwa hiyo alianza na kutengeneza watu wa kumtazama.

Basi binamu yangu, mtoto wa Mraru, ana pande tatu. Ni bahati ambayo wengi wenye kipaji kama chake hawajawahi kuipata, na ndiyo maana sitaki aitumie vibaya.

Ya kwanza tuliyoimaliza ni Qatar, na ilichukua dakika tano. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa sababu chache kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Mjomba hahamii Qatar. Pili, wakala anayefanya uhamisho wa kimataifa siku hizi anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na leseni hupatikana kwa mtihani. Nikamwandikia yule jamaa kwa heshima zote: "Kaka, nitumie namba yako ya leseni." Alama mbili za buluu zikatokea. Mpaka leo naandika hii, kimya. Wakala wa kweli anakula asilimia kwa kile mchezaji atakacholipwa. Wewe ukiona anataka 80,000 kabla mpira haujapigwa, jua mnunuzi ni wewe.

Zikabaki mbili. Hapo nikamwambia binamu asikae kama maharusi anayesubiri kuambiwa mahari ni ngapi. Apige simu yeye, aulize yeye. Tukaandika maswali nyuma ya daftari la hesabu. Ni mastraika wangapi mko nao mbele yangu? Nikiumia nani analipa hospitali? Nitamalizaje kidato cha nne? Na mmenionaje, yaani ni nini hasa mnaona nakosea uwanjani? Hilo la mwisho ni la Sasaki kabisa, nililiiba.

Nairobi walipokea vizuri. Mastraika ni watano. Hospitali, "tutaona ikifika." Shule, "atapata huko huko." Anakosea nini? Yule aliyeshika simu hakuwahi kumwona akicheza, aliona video. Video yenyewe ni yangu, ile ya mwezi wa tano, ambayo nilikata vipande vyote alivyokosa. Ni aibu kidogo.

Yule kocha wa Pwani alicheka kwanza. Kisha akaongea dakika ishirini. Straika mwingine ni mmoja, ana miaka 29 na goti bovu. Bima hakuna, hawezi kudanganya, lakini akiumia atampeleka mwenyewe. Abaki shule, aje wikendi na likizo. Na makosa yake? Anapokea mpira akiwa amelipa goli mgongo na anageukia kulia kila mara, mabeki wa Voi washamjua, ndiyo maana mechi mbili za mwisho hakufunga. Binamu akanyamaza. Sote tulikuwa tumeiona, hakuna aliyewahi kumwambia.

Nitasema upande wangu wazi: aende kwa huyu. Nairobi haiendi popote, na akifunga hapa Pwani mwaka mmoja atarudi kuongea nao akiwa na kitu mkononi. Lakini msidhani mjomba amekubali. Anasema marupurupu ya Nairobi ni ya kila mwezi na maneno ya kocha hayanunui unga, na siwezi kumwambia ni uongo. Nilichomwomba ni kitu kimoja, asubiri mtihani wa Novemba uishe. Amesema atafikiria. Kwa mjomba hiyo si hapana.

Na hii ni ya kocha wetu wa kijiji, najua anasoma hapa kupitia simu ya bintiye: tafadhali msajili rasmi huyu mtoto kwa jina la timu yetu, na wenzake wote, kabla hajaondoka. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kama hakuna karatasi kwamba alikuwa wetu, hatukuwahi kuwa naye. Mipira miwili na nyavu tungepata, si haba.

Jumamosi anacheza saa kumi. Njooni mwone kama ameanza kugeukia kushoto.